Kasa Aliyelishwa Takataka

Kwa kuchora mabango, Brashi hakuwa na mpinzani. Silisemi mimi tu, alilisema yeye mwenyewe kila asubuhi. Simba aliyemchora kwenye mlango wa bucha, mbwa wa mtaa mzima walimzunguka kwa mbali.

Kilichomnyima raha ni mgongo wa mkewe. Mama huyo alifagia mtaa wa soko, na mwisho wa mtaa palikuwa na tundu la mtaro unaomwaga maji baharini. Kila siku alipiga magoti, akazamisha mkono hadi begani, akatoa chupa na mifuko, kasa wasije wakaimeza. Jioni hata viatu hakuweza kuvivua. Brashi ndiye aliyemvua viatu, kimya kimya, asije akaonekana na majirani.

"Hili nalimaliza kwa rangi," akajigamba.

Jumamosi akachora kasa mkubwa wa kijani kuzunguka lile tundu. Macho yalitokwa na machozi, na tundu lenyewe likawa mdomo uliofunguka. Watu waone huruma, basi! Akarudi nyumbani kifua mbele.

Jumatatu mkewe akaja kumvuta shati. "Baba wewe, njoo uone ulichonifanyia!"

Tundu lilijaa pomoni. Muuza viatu wa pale kando akalenga chupa, ikaingia.

"Bao! Fundi, mnyama wako ana njaa. Tunamlisha tangu jana."

Brashi akakunja mikono ya shati. Mkewe alikuwa ameanza kushuka chini, mkono mmoja kiunoni.

"Inuka, mke wangu. Leo natoa mimi."

Akatoa hadi sikio likagusa lami. Kisha akaufuta ule mdomo, akamfuta na kasa mwenyewe. Akachora vitoto vya kasa, kila kimoja kama kiganja, vikitambaa kutoka pande zote kuingia tunduni.

"Vinakwenda baharini," akamwambia muuza viatu. "Haya, rusha."

Muuza viatu akainua chupa. Akavitazama, akakuna kichwa, akaisukuma chini ya meza yake. "Umeniweza, fundi."

Kesho yake Brashi akajibanza nyuma ya lori la viazi. Mkewe akafika, akachungulia tunduni, akainama, akatoa mfuko mmoja. Akasimama, akajinyoosha.

"Toka huko, tumbo lako naliona! Leo nimeinama mara moja tu."

"Si nilikwambia, mimi ni..."

"Nyamaza kwanza. Nishikie ufagio, nipumzike kidogo."

Brashi akaushika kwa mikono miwili.