Jino la Mpiga Tarumbeta

Saa mbili kasoro asubuhi, wagonjwa bado hawajafika. Katika kliniki ya meno iliyo ghorofani, juu ya duka la viatu, mwanamke wa miaka hamsini na minane ameinamia meza, anajaza resini kwenye pete ndogo ya plastiki. Resini ni ule uji mzito ambao matabibu huutumia kujengea jino lililovunjika. Anaushindilia, anausawazisha, kisha anawasha taa ya mkononi yenye mwanga wa buluu na kuuelekeza kwenye pete huku yeye akigeuza uso pembeni.

Taa inapojizima, anaipindua pete na kukwangua upande wa chini kwa ncha ya chuma. Anatega sikio. Chuma kinakwaruza kama kimegusa kigae.

"Huyu kaiva," anasema, na kuchukua mrija mwingine, wa resini nyeupe zaidi.

Huyu wa pili haivi. Juu anang'aa vizuri tu, ila chini ncha ya chuma inazama kama kwenye siagi. Mama huyu anaitazama ile pete kwa muda, kisha anaitupa kwenye ndoo ya taka.

"Na huyu ndiye mbaya wangu. Kila asubuhi namjaribu, nione kama ameacha tabia yake. Hajaacha."

Hapa kazini wanamwita Shangazi Taa. Jina hilo alipewa na watoto waliokuja kuzibwa meno, wakakuta mama mpole mwenye taa ya buluu. Watoto hao sasa ni watu wazima, wanaleta watoto wao, na jina limebaki palepale. Ameifanya kazi ya utabibu wa meno kwa zaidi ya miaka thelathini, yote akisimama, na magoti yake hayaachi kumkumbusha.

Leo, hata hivyo, roho yake iko juu. Mgonjwa wa kwanza ni kaka yake mkubwa, wa tumbo moja, mpiga tarumbeta ambaye mji mzima uliwahi kumjua kwa jina la Puliza.

Puliza ana miaka sabini na miwili. Kwa miaka miwili hajaigusa tarumbeta, kwa sababu jino lake la mbele la juu limevunjika, na mpiga tarumbeta asiye na jino hilo hana pa kuegemeza mdomo. Pumzi inatoka, mlio hautoki.

Jumamosi hii, ukumbi wa dansi ambamo bendi yake ilipiga ujana wao wote unafungwa ili ubomolewe. Wanabendi waliobaki hai ni wanne, naye akiwa mmoja wao. Wenzake watatu wametoa kauli: Puliza asipopiga, hawapandi jukwaani.

"Wanangoja mdomo wa kaka," anasema Shangazi Taa. "Na mdomo wa kaka unaningoja mimi."

Anapomzungumzia kaka yake, sauti ya tabibu inamtoka na inabaki ya mtoto wa mwisho nyumbani. Walizaliwa sita katika nyumba ya vyumba viwili. Puliza alipoleta tarumbeta ya kuazima, baba yao alimfukuza sebuleni, akamfukuza uani, mwishowe kijana akahamia bafuni.

"Mimi nilikuwa nageuza ndoo, nakaa nje ya mlango wa bafu, nasikiliza. Watu wakitaka kuoga, ugomvi. Mama anagonga, kaka anapuliza, baba anatukana. Mimi nilijiona niko kwenye tamasha!"

Baadaye, bendi ilipopata jina, kazi yake ikawa kupiga pasi shati la kijani la kaka yake kila Jumamosi mchana. Hakuruhusiwa kwenda ukumbini, alikuwa mdogo. Alilala madirisha yakiwa wazi ili upepo ukigeuka apate japo kipande cha wimbo. Anasema hajawahi kulala usingizi mtamu kama ule, na akisema hivyo macho yake yanalengwa na machozi, wala hayafichi.

Jino lile lilivunjika mara ya kwanza kwenye ngazi, ajali ya kawaida ya mzee aliyekataa kuwasha taa. Dada yake alilijenga. Ndipo kosa lilipotokea.

Ili kulielewa, inabidi kujua jambo moja kuhusu resini. Ndani yake kuna kiungo kinachopokea mwanga wa taa na kuufanya uji ugeuke jiwe. Kile kilichozoeleka tangu zamani kina rangi ya manjano chenyewe.

"Ukikitia kingi, jino linakauka vizuri, ila linabaki na umanjano kidogo," anaeleza. "Na kuna mwenzake anayemsaidia kazi, huyo miaka ikienda anageuka kahawia. Ukikipunguza, rangi inapendeza, lakini uimara unakwenda na maji. Basi ndiyo maisha yetu hapa: kuvutana kati ya uzuri na nguvu."

Kisha zikaja resini nyeupe, zenye kiungo kipya kisicho na umanjano. Shangazi Taa alizipenda mara moja. Kaka yake alitaka jino jeupe, yeye akamtengenezea jeupe pe, wakapongezana. Kilichosahaulika ni kwamba kiungo kile kipya hakisikii sana mwanga wa buluu. Kinataka mwanga unaokaribia zambarau, na taa ya kliniki haiutoi.

"Taa yetu ya zamani ingeweza," anasema kwa majonzi ya kweli, kama anayemtaja jirani aliyehama. "Ilikuwa kubwa kama kikaushia nywele, ina balbu ya moto na feni inayonguruma. Wagonjwa walikuwa hawaulizi kama inauma, wanauliza kama inalipuka. Lakini ilitoa mwanga wa kila aina. Hii mpya ni nyepesi, haina kelele, inachagua chakula."

Daktari mwenye kliniki, mwanamke mwenye umri wa kuweza kuwa binti yake, hamwachi abebe lawama peke yake.

"Taa niliichagua mimi, na ile resini niliiagiza mimi," anasema. "Kila kimoja kilikuwa kizuri. Hakuna aliyefikiria kuvikutanisha kwanza kabla ya kuviweka mdomoni mwa mtu. Lile zoezi la pete la kila asubuhi tulilianza pamoja baada ya hapo."

Jino lilidumu wiki tano. Puliza alikuwa akipiga kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yake, katikati ya wimbo, bibi harusi anacheza, jino likamomonyoka.

"Kipande nilikimeza," Puliza mwenyewe anasimulia, akicheka kwa kufunika mdomo. "Kingine kikaingia kwenye tarumbeta. Nikashuka jukwaani nimebana midomo kama bibi aliyenuna. Watu wakadhani nimekasirikia malipo!"

Anacheka, lakini alipofika nyumbani usiku ule alifunga tarumbeta kwenye sanduku lake. Dada yake alipomwomba arudi kliniki, alimjibu, "Mdogo wangu, tusisumbuane." Hakumgombeza. Shangazi Taa anasema angemgombeza ingekuwa nafuu.

Aliyemrudisha ni mkewe. Alimpigia simu wifi yake juma lililopita. "Aliniambia, 'Wifi, miaka yote nilikuwa nalilaani tarumbeta lile. Sasa nyumba imepoa mpaka nasikia friji. Nifanyie kitu.'"

Saa mbili na robo Puliza anaingia, kofia mkononi, shingo upande. Anaketi kwenye kiti na kabla hajalazwa anatoa picha mfukoni. Ni yeye na bendi, vijana wanane, meno nje.

"Nataka jino kama hili."

"Kaka, jino la kwenye picha lina wenzake wa kwenye picha," dada yake anamjibu akivaa glovu. "Hawa wako wa leo wamekunywa chai miaka hamsini. Nikikuwekea jeupe hivyo, jukwaani watu watadhani umesahau taa imewaka mdomoni."

"Lakini lilikuwa jeupe!"

"Picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Hata shati humo ni jeupe, na mimi ndiye niliyekuwa nalipiga pasi, lilikuwa kijani."

Puliza anaikodolea macho picha, halafu anacheka kwa mara ya kwanza bila kufunika mdomo. Pengo linaonekana.

Shangazi Taa hachagui rangi kwenye kiti. Anamsogeza kaka yake dirishani, meno yakiwa bado na unyevu wa mate, kwa sababu jino likikauka hujifanya jeupe kuliko lilivyo. Anatia juu ya jino tone la resini ya manjano bila gundi, analiangazia taa. Uji ule, uliokuwa manjano kama siagi, unapauka ukikauka, na unakaribiana kabisa na majirani zake. Analibandua tone. "Tumepata," anasema.

Kisha anajenga. Tabaka moja jembamba, taa. Tabaka jingine, taa. Hana haraka. Puliza amekunja vidole vya mguu ndani ya viatu. Daktari anapita mlangoni, anachungulia, anaondoka kwa kunyata. Kila tabaka linapoiva, mama huyu analigonga kwa ncha ya chuma na kutega sikio, kama alivyofanya asubuhi mezani.

Akimaliza kung'arisha, anampa kaka yake kioo. Puliza anajitazama sana.

"Limekuwa la mzee," anasema.

"Wewe ni nani?"

"Basi ni langu," anakubali Puliza. Dada yake anageukia sinki, anaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Anamwagiza asiguse tarumbeta leo, kwani resini huendelea kujikaza hata taa ikishazimwa. Apumzike mpaka kesho. Puliza anaahidi, na mkewe anayemngoja mapokezi anaahidi kumlinda.

Kesho yake asubuhi Shangazi Taa yuko na mgonjwa, mikono miwili mdomoni mwake, simu inapolia. Binti wa mapokezi anaipokea, anatoa macho, anakimbia nayo na kumwekea sikioni. Kwanza ni pumzi tupu. Halafu mlio unaopinda na kuvunjika. Halafu kimya kirefu, mpaka mgonjwa mwenyewe anaacha kuguna. Kisha sauti moja inatoka, ndefu na nene, haitetemeki, na nyuma yake anasikika mwanamke akipiga vigelegele.

"Limekaa," anasema Puliza kwenye simu. Anakata simu.

Shangazi Taa anamaliza kumhudumia mgonjwa wake kwanza. Ndipo anapokaa kwenye kiti cha magurudumu, anavua barakoa na kulia waziwazi, huku akimwomba radhi daktari aliyemshika bega.

Yeye na daktari wamekubaliana kwamba taa ijayo itakuwa ya mianga miwili, ili resini nyeupe nazo zipate haki yao. Lakini hilo ni la baadaye. Kwa sasa anachofikiria ni Jumamosi, na ukumbi ambamo kaka yake alipiga ujana wake wote na yeye hakuwahi kuingia.

"Nitakaa mbele kabisa," anasema. "Wimbo wa kwanza nitalitazama jino, siwezi kujizuia, ndiyo kazi yangu. Wimbo wa pili nitafumba macho, nimsikilize kaka yangu. Safari hii hakuna mlango."