Wasomi wa Mbalamwezi

Miaka ile Warundi walipokuwa wanashushwa melini na kupandishwa mabasi ya kambini, nilikuwa na kazi mjini Kigoma, katika ofisi ya shirika moja la wakimbizi. Kazi yenyewe sijui niiteje. Nilichukuliwa kubeba vitu, nikawashikia ngazi mafundi waliokuja kufunga mtandao, na walipoondoka nikabaki mimi ninayejua waya upi unaingia wapi. Kusema nilikuwa fundi ni kujipandisha. Nilikuwa nimezoea tu.

Siku moja mkuu wangu, mama mpole, akaniita.

"Kaka, mkataba wako ukiisha siwezi kuuongeza hivi hivi. Mitambo inabadilishwa. Wanataka mtu mwenye cheti kinachotambulika, cha itifaki za kisasa."

Nikaitikia kama nimeelewa. Baadaye niliambiwa itifaki ni taratibu ambazo kompyuta hufuata zinapopashana habari, na kwamba zile nilizozizoea zilikuwa zimeanza kuzeeka.

Nikatafuta. Vyuo vyenye ithibati vilikuwa mbali, safari ya treni, na mama yangu alikuwa kitandani Kasingirima, hana mwingine. Mjini palikuwa na chuo kimoja chenye cheti kizuri na muhuri mkubwa. Nikauliza, muhuri huu unakubaliwa wapi? Dada wa mapokezi akanionea huruma. "Baba, hiki unatundika sebuleni."

Ndipo nikasikia habari za darasa la Ujiji, nikajiandikisha. Mwalimu alikuwa mzaliwa wa pale pale, wazee wake walivuka kutoka Kongo. Alikuwa amefundisha mitandao Bujumbura mpaka hali ilipoharibika, akarudi nyumbani. Alijua kazi yake, hata zile itifaki mpya, na maombi ya ithibati alikuwa ameshapeleka. "Wakaguzi wakipita tu," alituambia, "mtihani mnafanyia hapa hapa."

Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo kompyuta zilitumia betri. Betri nazo hazikuwa zetu. Zilikuwa za mama mmoja mwenye mitumbwi ya dagaa, na wavuvi wake waliziwashia taa ziwani. Mbalamwezi ikitoka, dagaa hawaifuati taa; mitumbwi inapumzika na jioni betri zinakuja darasani. Giza likirudi, betri zinakwenda ziwani na sisi tunafunga. Ratiba haikubandikwa mlangoni. Ya nini? Ujiji nzima inajua kutazama juu.

Wavuvi walitucheka tukipita na betri.

"Wasomi wa mbalamwezi hao! Mkifaulu mtatuvulia kwa kompyuta?"

"Tutawapigia dagaa simu, waje wenyewe," mwalimu alijibu.

Wakaguzi walikuja jioni moja, mwalimu akiwa msibani Mwamgongo, na boti ya kurudi ilikuwa bado. Ufunguo aliniachia mimi. Walikuwa wawili, mzee na kijana. Nikasalimia, nikafungua. Kompyuta zilikuwa zimefunikwa vitenge.

"Wanafunzi wako wapi?" mzee aliuliza.

"Hawapo, mzee. Ni wakati wa giza."

Akageuka kutazama jua lililokuwa bado linawaka uani. Nikaona nimeanza vibaya, nikamweleza yote tangu mwanzo: mitumbwi, taa, betri.

Kijana akasema, "Kwa hiyo chuo kinafungwa kwa ajili ya dagaa."

"Siyo dagaa. Ni betri."

Mzee hakucheka. "Baba, nimekuelewa. Lakini masharti yanataka umeme wa uhakika na masomo yasiyokatika. Mtu akiteremka kwa pikipiki kutoka Kalinzi akakuta kufuli, utamwambia atazame juu?"

Alisema haki. Wote tuliona ratiba yetu ni ya kawaida kiasi kwamba hakuna aliyefikiri kwamba mgeni anahitaji kuelezwa. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama ningesema tu umeme umekatika. Mwalimu aliporudi aliniambia, "Sasa ulitaka useme uongo?" Lakini alikaa kwenye benchi muda mrefu na viatu vyake vilivyolowa.

Ithibati haikutoka. Mkataba wangu ukaisha. Mahali pangu akaja binti mwenye cheti, na mimi ndiye niliyemzungusha kumwonyesha waya. Sitaficha, nilitamani awe hajui. Alijua. Aliuliza maswali ambayo mimi nisingeyafikiria, na aliniita baba kwa heshima. Mkuu alinipa chai, akasema ana huzuni, nami nilimwamini.

Mbalamwezi iliyofuata ilitoka nikiwa sina pa kwenda asubuhi. Jioni nilishuka ufukweni, nikachukua betri kwa mama mwenye mitumbwi, nikaanza kupanda nayo. Mvuvi mmoja akaniita kutoka kwenye nyavu.

"We msomi! Ofisini si wameshakutoa? Betri ya nini tena?"

"Zile itifaki mpya hatujazimaliza," nikamwambia.

Alitikisa kichwa, akaendelea kushona. Betri ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka. Nikaihamishia mkono wa kushoto.