Kiti Mlangoni kwa Bi Pettway

Mkono wa kulia wa Bi Vernita Pettway ulichoka kabla mwenyewe hajakubali kwamba amechoka. Kilianza kidole gumba, kikafuata kiwiko, na kufikia majira yale ya baridi alikuwa hawezi hata kufungua kopo la nyanya mpaka mumewe, mzee Cleophus, aitwe kutoka sebuleni. Wanawake wengi wa upande wa mashariki wa Detroit waliharibu mikono yao viwandani. Yeye aliuharibu wake kwa kupeana mikono na watoto wa watu.

Tangu shule yake ilipofunguliwa, katika jengo la zamani la parokia ya Wapolandi, Bi Pettway alisimama mlangoni kila asubuhi akampa mkono kila mtoto aliyeingia. Mtoto anavua glavu, anamtazama usoni, anatajwa kwa jina, naye anaitikia. Hapiti mtu bila mkono, wala haruki mtu foleni, hata awe mtoto wa mchungaji. Mkono ukiwa wa baridi kupita kiasi, au umelegea kama kitambaa, Bi Pettway alikuwa na swali moja tu: "Umekula?" Akijibiwa bado, alinyoosha kidole kuelekea jikoni, kwenye uji wa shayiri. Kwa nini hakula, nani hakupika, hayo hakuyauliza, na watoto walimpenda kwa kutouliza kwake.

Shule yenyewe ilikuwa ya mkataba. Inalishwa na serikali na mtoto halipi kitu, lakini wanaoiendesha wamepewa ruhusa kwa miaka kadhaa tu. Miaka ikiisha, wenye mkataba, wale walioutoa, wanakuja, wanapekua kila pembe, kisha wanaamua iendelee au ifungwe. Mitaa ile watu walishazoea kuona shule inafungwa Juni na ubao unapigiliwa madirishani Julai. Bi Pettway alishapokea watoto wa shule mbili zilizokufa namna hiyo, wengine wakilia mwezi mzima, naye akaapa kwamba yake haitafungwa akiwa hai.

Kwa hiyo alifanya yote mwenyewe. Alipanga ratiba, alijibu simu, aliendesha basi dereva akiugua, alipatanisha wazazi waliogombana uwanjani. Boila ya kupasha joto ikizima, alishuka chini na viatu vyake vya kazini akaipiga teke mahali anapopajua yeye, ikawaka. Watu wakamsifu kanisani, na sifa ni kitu kibaya jamani, inamlevya hata asiyegusa pombe. Akafika mahali akaamini kweli kwamba akikohoa, paa linadondoka.

Msimu wa majani kupukutika walikuja wenye mkataba. Aliyewaongoza alikuwa Bwana Dykstra, mtu mrefu, mpole, wa magharibi ya jimbo. Alama za watoto zilimridhisha, hesabu za shule hazikumsumbua. Siku ya kuondoka, akiwa ameshavaa koti, akauliza kama mtu anayeulizia njia.

"Bi Pettway, ukianguka leo, kesho nani anaiendesha shule hii?"

"Mimi sianguki."

"Naelewa. Lakini ukianguka?"

Bi Pettway alitafuta jina, hata moja la kubabaisha, akakosa. Bwana Dykstra hakumcheka. Alisema atarudi mwisho wa baridi, na kwamba hawezi kutia saini shule iliyosimama juu ya miguu ya mtu mmoja, hata miguu hiyo iwe mizuri namna gani. Asipopata jibu, shule itafungwa.

Wapo watu ambao kazi yao ni kuwasaidia wakuu wa shule za namna hii, kwa mafunzo, kwa ushauri, au kwa kukaa tu na mkuu akalia kidogo. Kwa miaka mingi walimwandikia Bi Pettway, naye alizitupa barua zao kwa sababu hakuwa na nafasi ya kusaidiwa. Sasa akapiga simu. Wakamletea mama mmoja, Doreen Kowalczyk, aliyewahi kuwa mkuu wa shule mwenyewe mpaka magoti yakamshinda. Doreen alikaa, akaomba kahawa, akamwambia amtajie mambo makubwa ya kazi yake. Bi Pettway alihesabu vidole vikaisha, akaanza upya na mkono wa kwanza.

"Dada," Doreen akamkatiza, "ukitaja yote hujataja hata moja. Sasa hivi lako ni moja tu, kupata mtu wa kushika ukiachia. Mengine yote yana watu."

"Yana watu gani? Hujawaona."

"Nimewaona. Wewe ndiye hujawaona, maana unawapita mbio."

Bi Pettway alinuna wiki nzima. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, alimwambia Cleophus, aje yeye na magoti yake apande basi na watoto wa darasa la saba. Lakini Doreen aliendelea kuja, akazunguka madarasani bila haraka, na mwisho akaja na jina: Ibtisam Saleh, mwalimu wa hesabu, binti wa Kiyemeni kutoka Hamtramck. Jina lile kwao maana yake ni tabasamu, na mwenye jina hatabasamu ovyo. Mwanamke mfupi, wa hijabu ya kijivu, anayeongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Bi Pettway alicheka kwa hasira, akasema sauti ya yule haifiki hata dirishani. Doreen akajibu kwamba alikaa nyuma ya darasa lake asubuhi nzima na hakukosa hata neno, kwa sababu watoto wote walikuwa wamenyamaza kumsikiliza. Avumaye baharini papa, kumbe wengine wapo.

Mapatano yakawa haya. Bi Pettway aende nyumbani, akae huko mpaka siku Bwana Dykstra atakaporudi, na asipige simu. Ibtisam ashike shule. Siku yenyewe ikifika, Bi Pettway aje na jibu lake, ndiyo au hapana. Aliwakabidhi funguo kama mtu anayetoa figo.

Siku ya kwanza alilala mpaka jua likatoka, akaamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Uchovu wa miaka yote ulikuwa umengoja nje kwa adabu, na ulipoona mlango umefunguliwa, ukaingia na mabegi yake. Alikaa mezani akatazama ukuta. Cleophus, aliyestaafu kiwanda cha magari na kwa muda mrefu alikuwa anaota baraza ya dada yake kule Alabama, alimkaangia mayai na kumtania.

"Karibu nyumbani, mama. Wewe umeolewa na ile shule, mimi hapa nilikuwa mchepuko tu."

Alicheka, kisha machozi yakamtoka bila kuaga, na mzee akaacha utani akamshika ule mkono mbovu.

Siku ya pili Cleophus alimkuta mlangoni amevaa kofia yake ya manyoya, imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Akamuuliza anakwenda wapi na kofia ya mume wa mtu. Dukani, akasema, maziwa yamekwisha. Mzee akafungua friji, akayatazama maziwa, akaifunga.

Bi Pettway aliegesha gari ng'ambo ya barabara, mkabala na shule, mbele ya duka la rangi lililokufa zamani, akateremka kitini mpaka macho yakawa sawa na usukani. Mwanamke mtu mzima, shemasi wa kanisa, anavizia shule yake mwenyewe kama mwizi wa matairi! Foleni ilikuwa imeshajipanga. Na pale mlangoni, mahali ambapo yeye alisimama miaka yote kwenye theluji na upepo, Ibtisam alikuwa ameweka kiti.

Kiti! Cha darasani, cha plastiki ya buluu. Amekaa, blanketi magotini, watoto wanamjia mmoja mmoja, na wale wadogo uso wao uko sawa kabisa na wake. Bi Pettway alihisi damu inampanda. Miguu yake ilivimba, kiuno kikapinda, daktari alimsema, na kumbe hakuna sheria mahali popote iliyokataza kiti. Hakuwahi kufikiria. Aliona kukaa ni uvivu, basi.

Akawa anakuja kila asubuhi. Aliomba shule isiharibike, na ndani ya ombi hilo lilikuwamo ombi jingine la aibu, kwamba iharibike kidogo tu, wamwite. Asubuhi moja moshi wa boila ulikatika. Moyo wake ukaruka kwa furaha, loo, furaha ya mchawi, na mkono ukawa tayari kwenye kitasa cha gari. Hawajui pa kupiga teke! Muda si mrefu likaja gari la fundi, akashuka na sanduku lake. Alipoondoka moshi ulitoka mweupe, ulionyooka, na boila ile haikuzima tena msimu huo. Haikuwa inataka teke. Ilikuwa inataka fundi, na Bi Pettway hakuwahi kumwita hata mmoja. Alilia mle garini kwa wivu na kwa uchovu, na watoto waliingia ndani bila hata mmoja kugeuka kutafuta yuko wapi.

Ikafika siku ya Bwana Dykstra. Usiku wa kuamkia siku hiyo Bi Pettway aliamua kwamba jibu lake ni hapana. Angesema Ibtisam ni mwalimu mzuri lakini bado, aongezewe miaka, na yeye mwenyewe angerudi mlangoni asubuhi hiyohiyo ili mgeni amkute mahali pake. Alivaa koti lake jekundu la kazini na, kwa mazoea, ile kofia ya manyoya ya mzee. Hakunywa hata chai. Cleophus hakumtania, alimfunga tu skafu shingoni akamwambia, "Lolote utakalosema, mimi nipo." Ramani ya Alabama ilikuwa mezani pale, imekunjwa vizuri, na hakuitaja.

Aliacha gari palepale ng'ambo, akavuka barabara, akaenda moja kwa moja mbele, kuelekea kile kiti. Koti likavutwa kutoka nyuma. Alikuwa msichana wa darasa la tatu, Zaniyah, mwenye pengo mdomoni na heshima zake zote.

"Shikamoo, Bi Pettway. Foleni inaanzia kule."

"Mimi ni mkuu wa shule, mwanangu."

"Ndiyo. Lakini harukwi mtu." Akafikiri. "Ulisema hata mtoto wa mchungaji."

Watoto wote walikuwa wanamtazama. Kama angempita yule binti, ile sheria ingekufa pale pale mbele ya macho yao. Akageuka, akatembea mpaka mwisho, akasimama nyuma ya mvulana anayefuta pua kwa mkono wa koti. Foleni ikasogea polepole. Upepo wa mtoni ulipenya skafu. Mbele yake alisikia majina yakitajwa, moja moja, kwa sauti ile ndogo, na hakukosa hata moja.

Zamu yake ikafika. Ibtisam hakuinuka wala hakushtuka. Bi Pettway alivua glavu, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, akatoa ule mkono mbovu. Ibtisam aliupokea kwa mikono miwili, kwa wepesi, kama anayejua unapouma. Akamtazama usoni.

"Habari za asubuhi, Bi Pettway." Hakuuachia mkono ule. "Mkono wako ni baridi sana. Umekula?"

Miaka yote ile, aliuliza yeye. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza pale mlangoni, naye hakujua kama swali lile linaingia ndani kiasi kile. Hotuba yake ya hapana ilikuwa imejipanga mdomoni, na ikamtoka kichwani yote.

"Bado," alisema.

Ibtisam akanyoosha kidole kuelekea jikoni, akamgeukia mtoto anayefuata.

Bwana Dykstra alifika foleni ikikaribia kwisha. Alipita mlangoni kwa haraka, akamsalimu yule mwalimu wa kwenye kiti, akaenda ofisini akakuta hakuna mtu. Akafuata harufu mpaka jikoni. Bi Pettway alikuwa amekaa kwenye benchi fupi la watoto, magoti karibu na kidevu, bakuli la uji mkononi, kushoto kwake mtoto, kulia mtoto, wote wanakula.

"Samahani," akasema mgeni, bila kumtambua vizuri chini ya kofia ya manyoya. "Namtafuta mkuu wa shule."

Bi Pettway alimeza kwanza.

"Umempita mlangoni," alisema. "Ni yule aliyekaa kwenye kiti."

Akachota kijiko kingine, maana uji ulikuwa bado wa moto.