Kibuyu cha mama kimeoshwa kwa sabuni

Leo mnadani Karatu nimenusa kibuyu mbele za watu.

Nilifuata vitunguu tu. Lakini mnaujua mnada wetu. Ukishakula nyama choma, miguu yenyewe inakupeleka kwa wauza vitu vya zamani. Taa za chemli, redio za mbao, vibuyu vya maziwa.

Kimoja kilikuwa na ufa ulioshonwa kwa uzi wa bluu wa mfuko wa sandarusi.

Mshono wa mama yangu.

Alipofariki tuligawana vitu vyake kule kijijini Buger. Kibuyu hakuna aliyekitaka. Hata mimi.

"Hicho cha Wamasai, mama. Kina miaka mia," muuzaji akaniambia.

Sikubisha. Nikafungua kifuniko, nikanusa.

"Mama, hicho kinanunuliwa, hakinuswi."

"Mbona hakina harufu ya moshi?"

"Nimekisugua kwa sabuni siku mbili nzima. Wageni hawapendi ile harufu."

Jamani. Ile harufu ndiyo niliyokuwa naitafuta. Kila asubuhi, kabla ya kuweka maziwa, mama alikuwa anakifukiza kwa kijiti chenye moto.

Nimekinunua hivyo hivyo. Kiko hapa mezani nataka kukifukiza, na nimekwama. Miaka yote nilikunywa maziwa ya kibuyu hiki, sikuwahi kumuuliza mama anatumia mti gani.

Ndugu zangu wa Buger, nani anaujua? Hata kama ni jina la Kiiraqw tu, niandikieni.

Jiko nimeshawasha.