Wawira, ngozi yako bado iko lab

Hadi sasa haijaniingia akilini. Wawira ameenda, na jana tulimzika kwao Kanja. Hii post nimeandika nikafuta, nikaandika tena. Mnivumilie.

Kwa wasiomjua, alikuwa mwenzangu wa kazi hapa Meru. Tunakuza ngozi ya binadamu kwenye vikombe vidogo vya plastiki, halafu tunaipaka dawa juu na kuangalia ni kiasi gani kinapenya hadi chini. Ukimweleza mtu hivyo kwenye harusi, anahama meza.

Yeye alikuwa anasema tu, "Mimi nafuga." Asubuhi, kabla hata ya chai, "Ngoja nilishe mifugo." Maana seli za ngozi zinakula, na usipozibadilishia chakula zinakufa.

Tuligombana kila siku juu ya majani ya kutafuna, ipi ni bora, miraa yetu ya Meru au muguka ya kwao, na hakuna kati yetu aliyewahi kutafuna.

Shida yetu ilikuwa kupata ngozi ya kuanzia. Inayobaki baada ya operesheni hutupwa, lakini waombe watu huku kwetu uone watakavyokuangalia. Basi yeye mwenyewe alipofanyiwa upasuaji wa tumbo, akasema yake iletwe lab. Wakubwa wakakubali.

Siku aliyorudi kazini aliichungulia kwa darubini, akaniita. "Kinya, mbona hapa mimi ni mrembo kuliko kwa kioo?"

Tangu hapo stima ikipotea alikuwa anavua sweta na kufunika incubator, lile kabati la joto zinamokaa seli, isipoe. Nikamwambia generator itawaka sasa hivi, wacha kujisumbua. "Na isipowaka? Huyo ni mimi niko ndani."

Alipima hata mafuta ya kujipaka ya mamake, yale ya sokoni yanayoahidi kuingia hadi kwa mfupa. Mama ni mkulima, mikono yake imepasuka vibaya. Results zikatoka: yalikaa juu tu. Akampigia simu kumwambia, na mama akamjibu, "Hiyo najua. Lakini nikijipaka ni lazima nikae chini kidogo."

Wawira alicheka hadi machozi. Kisha akaanza kutafuta dawa itakayopenya kweli. Hiyo ndiyo kazi aliyoiacha mezani.

Siku ile alipanda ngazi, akaketi, akashika kifua. "Nipe dakika, Kinya." Damu ilikuwa imeganda ikaenda kwa mapafu, ndivyo daktari alivyotueleza baadaye. Miaka yote nimesoma, na nilichoweza ni kumshika mkono na kuita watu. Naumia sana nikikumbuka.

Jana baada ya mazishi mamake aliniita nyuma ya jikoni.

"Kuna kitu yake imebaki huko kazini? Niletee yote. Mtu hazikwi nusu."

Alimaanisha kikombe cha chai, labda viatu. Ningemwambia ni hivyo tu vilivyobaki, yangeisha. Lakini aliniangalia kwa macho yale yale ya Wawira, nikashindwa kudanganya. Nikamwambia kwamba kidogo ya ngozi yake tunayo, na bado iko hai.

Hakulia. Aliangalia mikono yake. Nilijua ataniambia niilete izikwe. Nikiileta nimeiua, nikikataa nimemnyima mama mtoto wake.

"Na sasa inalishwa na nani?"

"Ni mimi, mama."

"Basi usiache ilale njaa."

Akarudi kwa wageni. Mimi nikabaki pale nyuma na yale ambayo sikumwambia. Ngozi kama hii haidumu. Hata uilishe vipi, inazeeka humo kikombeni na kuacha kukua, na mtambo wa kuigandisha ili ikae miaka hatuna. Siku moja nitafungua incubator nikute imekwisha. Nitampigia simu nimwambie nini?

Wawira, leo ni Jumapili na nimekuja lab peke yangu. Nimekulisha. Sweta yako nimeiacha pale pale juu, maana stima yetu unaijua.

Mama yako ameniachia kazi ambayo siwezi kuimaliza vizuri, na nitaifanya tu. Lala wewe, rafiki yangu, usingizi mwema huko Kanja. Huku lab nako nitakulisha hadi ukatae kula.