Nani Alichukua Shati

Nauza kwanga, mikate ya muhogo ya kufungwa majani, karibu na bandari ya Makiso hapa Kisangani, na meza yangu imegusana na ya Germaine. Sikuomba kukaa hapo. Aliyetugawia nafasi lazima alikuwa na kisasi na mimi. Germaine anauza samaki, na mdomo wake ni mkali kuliko kisu anachopasulia. Mteja akiuliza bei mara mbili anaambiwa akamuulize mama yake. Akigusa samaki bila kununua anasindikizwa kwa matusi mpaka anapanda pikipiki. Mimi mwenyewe amenitukana kwa Kiswahili, kwa Lingala, na kwa Kienya cha kwao kwenye maporomoko. Hicho sikielewi, lakini uso wake unanitafsiria vizuri.

Kuna wanaosema hakuwa hivi kabla ya Carlos. Uongo. Alikuwa hivi hivi. Ila zamani aligawa ubaya wake kwa watu wote sawasawa, na tangu Carlos apotee sehemu kubwa inamwendea mtu mmoja, Sylvain, shemeji yake.

Carlos ni mwanawe wa kiume, hana mwingine. Baba yake alipokufa, Carlos alirithi nafasi yake kwenye maporomoko, pale ambapo kila familia ina miti yake iliyosimikwa kati ya mawe na mitego yake ya vikapu inayoning’inia kwenye maji makali. Mwaka juzi samaki walikataa. Sylvain, mdogo wa marehemu, akamtafutia Carlos kazi kwenye baleinière, boti ya mbao iliyokuwa inapeleka chumvi na sabuni Opala. Ikapigwa na dhoruba kabla ya kufika Isangi, ikapinduka. Waliokufa waliokotwa, waliopona walirudi kwao. Carlos hakuonekana kwa wafu wala kwa wazima.

Tangu siku hiyo familia inataka kuweka matanga, imlie, imalize. Germaine hataki kusikia. Anasema bila mwili hakuna matanga, na anayetaka kumlilia mtu aliye hai ndiye aliyemuuza. Na kwake yeye, aliyemuuza ni Sylvain. Amemla kwa uchawi, anasema, ili nafasi ya maporomoko iende kwa watoto wake. Ameyasema sokoni, ameyasema kanisani padri akiwa bado hajavua joho. Nafasi yenyewe ameifunga. Hakuna anayethubutu kutia mtego pale, miti inaoza, na familia nzima inamtazama kwa jicho baya. Yeye anawarudishia, tena kwa macho mawili.

Sasa niseme jinsi filamu zilivyoingia.

Germaine alikuwa na desturi ya kusikiliza mahubiri kwenye simu akiwa kazini. Anaiegemeza kwenye ndoo, mikono iko ndani ya matumbo ya samaki. Siku moja mhubiri alimaliza, na simu, ambayo haimuulizi mtu, ikaendelea yenyewe ikaleta kitu kingine. Mzee mmoja, fundi viatu, analetewa kiatu kimoja. Anakishona, anakipaka rangi, anakiweka dirishani, anangoja mwenyewe alete cha pili. Hakuna anayepigwa risasi, hakuna mke mdogo anayetia sumu, hakuna mchungaji anayeingia mwishoni kufukuza mapepo. Germaine alitaka kuizima, lakini vidole vilikuwa na magamba na utelezi, kila akigusa kioo simu inagoma. Ikabidi aangalie mpaka mwisho. Na mwisho wenyewe ni mzee kuvaa kile kiatu kimoja na kwenda zake nyumbani.

“Ni bujinga gani hii?” akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeitengeneza.

Kesho yake nilimkuta anaiangalia tena, mikono mikavu.

Zamani alikuwa anafuata vile vipindi virefu visivyoisha, na mega zake, yaani bando la simu, zilikuwa zinakatika kila mara pale mume anapofungua mlango. “Hizi zinaisha mbele mega ziishe,” akasema. Ilikuwa sifa ya kwanza kumsikia akitoa kwa kitu chochote. Akaanza kuzitafuta. Alipata za Goma, za Bukavu, za Lubumbashi, za Ouagadougou, na za nchi ambazo hata mimi sijui ziko wapi. Ni filamu za vijana wasio na kampuni nyuma yao, wenye kamera ya kuazima, mchezaji mkuu ni shangazi yao. Nyingine hazina watazamaji, na hao wachache nusu yao ni Germaine anayerudia.

Alizipenda kama anavyopenda kila kitu, yaani kwa kuzitukana. Msichana wa kwenye filamu akikosea njia, Germaine anamwita mpumbavu. Mwanaume akirudi kuomba msamaha, anamwambia mwanamke afunge mlango. Kulikuwa na moja ya mbuzi aliyeingia kwenye ofisi ya serikali na watumishi wakaogopa kumtoa kwa sababu hawajui ametumwa na nani. Hiyo ilimchekesha mpaka akashika meza. Miaka yote niliyokaa pale nilikuwa sijawahi kuona meno yake ya nyuma. Akanisukumia simu niangalie, wateja wangu wakisubiri, nami nikaangalia, nikanaswa. Hilo sijamsamehe.

Halafu ikaja ya shati.

Mwanamke anakaa kando ya mto. Kila Jumamosi anafua shati la bluu la mwanawe, ambalo ni safi, maana mwanawe hayupo wa kulichafua. Analianika kwenye kamba. Majirani wanapita, wanatazama shati, wanamtazama yeye, wanaondoka. Hakuna anayesema neno mwanzo mpaka mwisho. Jumamosi moja anatoka na beseni lake, na kamba iko tupu. Anaiangalia ile kamba. Basi, imeisha.

Germaine aliweka kisu chini. “Nani alichukua shati?”

Nikamwambia sijui.

“Sikuuliza weye.”

Akaiangalia tena, na tena, mpaka mega zikaisha. Akanunua nyingine. Alikuwa anatafuta kwenye pembe za kioo, nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha mlango, kama kuna mtu anapita. Samaki walinyauka. Siku zilizofuata hakuna aliyenunua samaki bila kuonyeshwa ile filamu kwanza na kuhojiwa. Bijou wa kwaya alisema Mungu ndiye amelichukua, akafukuzwa. Cyprien, anayenunua samaki kwa jumla, alisema ni mwizi tu. “Shati inje, mu Kisangani hii? Hata kamba wangebeba.” Watu wakacheka. Germaine akampandishia bei palepale.

Sylvain alikuja katikati ya mambo haya. Huwa haji pale, ana akili. Lakini familia ilikuwa imekutana na kukata shauri, na yeye ndiye aliyetumwa kuleta habari: matanga ya Carlos yatawekwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mama akubali asikubali. Alisimama mbele ya meza, mwanaume mkubwa, kofia mkononi.

“Mbele ya kusema, angalia hii,” Germaine akamwambia, akamwekea simu usoni.

Aliangalia yote akiwa amesimama juani. Ilipoisha alimrudishia simu.

“Nani alichukua shati?” Germaine akauliza.

“Hakuna mwenye alichukua, semeki. Ule mama alimupatia mutu. Mutu mwenye hana shati.” Semeki ndiyo shemeji kwetu, na alilitamka kwa heshima. “Iko mama wa akili.”

Watu wote walielewa kwamba haongei juu ya filamu, anaongea juu ya nafasi ya Carlos. Germaine alinyanyua beseni la maji ya kuoshea samaki akammwagia yote, kichwa mpaka viatu, na kwanga zangu mbili zikaharibika pia. “Mulozi,” akamwambia. “Ulimukula, sasa unataka nikupatie na sahani.” Sylvain alijipangusa macho kwa kofia, akaondoka. Mimi nilimpa Germaine vidonge vyake siku ile. Nilimwambia yeye ni mwanamke mbaya, na nilimaanisha. Alikuwa anasoma maandishi chini ya filamu.

Hawa vijana huandika namba zao pale, wakitumaini mtu atawaita kupiga picha za harusi. Mtengenezaji aliitwa Jeancy. Germaine akamtumia sauti, na salamu haikuwamo. Jibu likaja la upole, la msomi, kwamba mwisho uko wazi: “Mama, fin ile iko ouverte. Kila mutu anajimalizia mwenyewe.”

Nilimwona Germaine akibadilika rangi. “Nijimalizie? Film iko yake, mimi njo nijimalizie?” Akamuuliza anakaa wapi. Kumbe ni Kisangani hii hii, avenue moja upande mwingine wa mji.

Tulipanda pikipiki moja, wanawake wawili wazima, dereva akilalamika njia nzima. Nilienda ili nimshike mikono, kwa sababu nilikuwa na hakika atampiga. Tulimkuta uani, kijana mwembamba, anakausha nyaya zake juani. Alipoona sura ya Germaine alirudi nyuma.

“Kama ni ya mariage, ile harusi ya Sébastien, mama, nilisema vidéo itatoka kesho.”

“Nani alichukua shati?”

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha, badala ya kurudia lile jibu lake la kisomi, aliona haya. Akakaa kwenye ndoo.

“Mama, nitakuambia kweli. Hakuna mutu. Film haikukuwa ya kuisha vile. Mutoto alipashwa kurudia, avae ile shati, njo tumalize. Siku tulikuja kufilmer mwisho, upepo ilibeba shati. Ikaanguka mu mayi ya muto. Tulikuwa na moja tu. Alors nikafilmer kamba.”

“Upepo.”

“Upepo tu.”

“Muliitafuta?”

“Na pirogue, mutumbwi, siku muzima. Ilikuwa shati ya yaya yangu, kaka mukubwa, aliniazima. Tulishuka na mayi mupaka mbali. Hatukuiona.”

Germaine alisimama pale. Nilikuwa nimemshika mkono, nikauachia.

“Na ulimukasirikia nani?” akauliza.

Kijana akamtazama. “Ningemukasirikia nani, mama? Kulikuwa mutu?”

Nilitamani nimtie kitambaa mdomoni. Alisema bila ubaya wowote, hakuwa anajua anaongea na nani, na ndiyo maana neno lake lilimwingia. Germaine alimwambia filamu yake ni nzuri. Alisema hivyo kabisa, nzuri, na kijana akafurahi, na mimi ndipo nikaogopa.

Dereva alikuwa ametungoja. Germaine hakumwambia Makiso. Alimwambia maporomoko.

Sylvain alikuwa uani kwake, anasuka mtego, kikapu kikubwa cha kumzidi urefu. Alipomwona shemeji yake akiingia aliinuka haraka na kurudi nyuma ya kile kikapu, na siwezi kumlaumu. Germaine hakuwa na beseni. Alikaa kwenye kigogo bila kukaribishwa, nami nikasimama karibu na lango.

“Sylvain,” akasema, “hakuna mutu alichukua Carlos.”

Sylvain akachungulia kando ya kikapu.

“Nilisema weye njo ulimukula. Nilisema kwa watu wote. Haukumukula. Ulimutafutia kazi, basi. Upepo ilikuja, mayi ikamubeba.” Aliongea kwa sauti ya kawaida, ile ya kutaja bei. “Fanyeni matanga. Jumamosi iko bon. Na watoto yako watie mitego pale, miti inaoza bure.”

Nilidhani mtu yule atashukuru. Amelala na jina la mchawi tangu mwaka juzi. Watoto wake wamezomewa nalo, na juzi tu amemwagiwa maji ya samaki mbele ya Makiso yote. Sasa amesafishwa, na juu ya hayo amepewa nafasi. Lakini Sylvain aliachia kamba aliyokuwa anasukia. Akaja akachuchumaa mbele ya Germaine.

“Semeki, usiseme vile,” akasema. “Nitukane.”

Germaine akamtazama.

“Kila siku ulinitukana, mimi nilikuwa nasema, mama yake iko na nguvu ya kunitukana, donc kuko kitu anajua. Mwenye alimuzaa anajua. Mutoto iko pahali.” Machozi yalikuwa yanamtoka, mwanaume mkubwa vile, na hakuyapangusa. “Mimi njo nilimupandisha mu ile boti. Nitukane, semeki. Endelea tu kunitukana.”

Germaine alifungua mdomo. Nilimsubiri, na nakiri nilitaka atoe lile tusi baya kuliko yote anayoyajua, kwa lugha yoyote aipendayo. Hakuna kilichotoka. Alijaribu tena, na mdomo ukabaki wazi vile vile.

Mke wa Sylvain alikuwa anasikiliza nyuma ya mlango. Ndiye aliyepiga yowe la kwanza la kumlilia Carlos. Germaine alianguka mbele kutoka kwenye kigogo akilia, na majirani wakaanza kuingia uani mmoja mmoja, wakiuliza nani amekufa.