Serikalini Amekufa Shemeji, Kaburini Yuko Mume Wangu

Admin, nifiche jina tafadhali, maana huku Kasulu tunajuana. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka thelathini na sita, naishi Heru Juu. Ni mjane, lakini ujane wangu ni wa mdomoni tu, kwa sababu serikalini mume wangu bado mzima. Naandika nikiwa na hasira, nikikosea neno mnivumilie.

Mume wangu alikuwa pacha. Kwetu Waha pacha wa kwanza huitwa Bukuru na wa pili Butoyi, wamejaa kila kijiji, kwa hiyo hapo sijamtaja mtu. Wangu alikuwa Bukuru. Alikuwa akinunua maharage vijijini na kuyapeleka Manyovu mpakani. Butoyi ni mwalimu wa shule ya msingi, ana ajira yake na kadi ya bima ya afya. Sura moja, kipara kimoja, hata kukohoa wanakohoa sawa. Siku za uchumba niliwahi kumpokea shemeji kwa madaha yote nikidhani ni mwenyewe, wakanicheka mwaka mzima.

Bukuru akaja kuugua figo. Tukauza mbuzi, tukauza baiskeli, tukabaki tunatazamana. Ndipo mama mkwe akasema, "Hawa walikaa tumbo moja, watashindwaje kukaa kadi moja?" Tulicheka wote, hata mgonjwa alicheka. Butoyi akatoa kadi yake bila kinyongo, hilo simnyimi. Mume wangu akalazwa kwa jina la Butoyi, akachomwa sindano kwa jina la Butoyi, na asubuhi moja akakata roho kwa jina hilohilo. Tulikuwa tumewaza kupona tu jamani, kufa hakuna aliyekuwaza.

Mochwari mhudumu akaita, "Ndugu wa marehemu Butoyi!" Mimi nimekaa tu, najua wanaitwa wafiwa wengine. Mama mkwe akanifinya. Butoyi mwenyewe alikuwa nje kwenye gari, kofia imeshuka hadi puani, maana angeingia mle ndani na sura ile watu wangekimbia. Nikaingia mimi. Yule mhudumu akafunua shuka, akaniuliza kwa upole, "Mama, huyu ndiye Butoyi?" Nikamtazama mume wangu, baba wa wanangu, nikajibu, "Ndiye." Nikatia sahihi. Mawe, mama yangu!

Wakatupa kibali cha mazishi na cha kusafirisha mwili, vyote vina jina la Butoyi. Tukaenda kumzika kwao Kitahana, Kibondo. Msalabani tumeandika Bukuru, katekista kasoma Bukuru, wanawake wamelia Bukuru. Karatasi ziko mfukoni mwa Butoyi, na wiki iliyofuata huyo marehemu wa kwenye karatasi yuko darasani ameshika chaki.

Matanga yalipoisha nikaenda ofisini kuomba cheti cha kifo, maana bila cheti mahakama haikusikilizi habari ya mirathi. Dada wa pale akaniomba kibali cha mazishi chenye jina la mume wangu. Sina. Akaniuliza amefia wapi. Nikitaja hospitali, kule aliyekufa ni Butoyi. Akasema, "Mama, pole, lakini kwetu sisi huyo mtu yuko hai."

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Wanangu wameachiwa kitu kimoja tu, kiwanja Manyovu, baba yao alikinunua kwa jasho la magunia. Juzi Butoyi akaja, akanywa chai yangu, akasema, "Shemeji, nipe kitambulisho cha Bukuru na karatasi za kiwanja. Mnunuzi nimempata. Kule Manyovu hawana habari kama amekufa, wanaijua sura tu. Nitasaini mimi."

Nikamuuliza, "Na watoto?"

"Watoto nitawaangalia. Kwani kadi nilitoa bure?"

Yaani kadi aliyoitoa akicheka leo imekuwa bei ya kiwanja! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Nikamwambia naenda kusema ukweli wote, kaburi lifukuliwe kama ni kufukuliwa. Hakupandisha hata sauti. Akasema, "Nenda. Nitafukuzwa kazi, nitafungwa, sawa. Ila na wewe hutabaki. Nani alisimama mochwari akasema huyu ni Butoyi? Mimi nilikuwa kwenye gari."

Nikakimbilia kwa mama mkwe nikidhani atanitetea, yeye ndiye aliyelianzisha hili. Akalia, akanishika kanga, akasema, "Mwanangu mmoja nimemzika. Na huyu unataka nimzike akiwa hai?" Mimi pia namwonea huruma, Butoyi ndiye anayemlisha. Lakini wanangu nani anawaonea huruma? Wakimuona baba yao mdogo anakuja njiani bado wanaruka wakidhani baba karudi, halafu wanakumbuka, wanarudi ndani kimyakimya.

Jumamosi anakuja kuchukua kitambulisho. Nimekifukia kwenye debe la mahindi. Nikimpa, mume wangu atauza kiwanja cha wanawe akiwa kaburini. Nikienda kusema, naogopa tutafungwa wawili na wanangu wabaki na bibi asiyeweza hata kubeba ndoo.

Ndugu zangu mliosoma hadi hapa, hasa mnaojua sheria, nipeni njia. Nitoe kitambulisho au nikajisalimishe? Nitukaneni mkitaka, nimezoea. Ila msiniambie nimwachie Mungu. Mungu anajua ni nani aliyekufa, wasiojua ni wale wa ofisini.